Nani Anasikia Kosa? Thamani ya Kufundishwa Muziki Ana kwa Ana katika Zama za Simu

1. Utangulizi

Kijana wa Katanika anayetaka kujua gitaa, au gitare kama wengi wetu tunavyosema hapa Kalemie, leo anaweza kuanza bila kumwomba mtu yeyote. Akipata simu na kifurushi cha intaneti, atakuta video zinazoonyesha namna ya kushika gitaa, mahali pa kuweka vidole na namna ya kuhama kutoka kodi moja kwenda nyingine. Akikosa intaneti, rafiki atamhamishia nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu. Sehemu ngumu anaweza kuirudia mara ishirini bila mtu kumkasirikia. Korali nazo hufanya vivyo hivyo: wimbo wa korali ya Lubumbashi au ya Dar es Salaam hufika kwa WhatsApp asubuhi, na jioni waimbaji wameanza kuufanyia mazoezi.

Kwa hiyo swali linalojitokeza ni la haki. Ikiwa simu inaonyesha yote hayo, mwalimu wa muziki amebaki na kazi gani? Wazazi huliuliza swali hili kwa sababu ya pesa, na viongozi wa korali huliuliza kwa sababu ya muda. Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuliuliza kwa sababu nyingine: sehemu kubwa ya fasihi simulizi ya jimbo letu huimbwa, na namna inavyofundishwa ndiyo itakayoamua kama itaishi.

Hoja ya makala haya ni kwamba simu humwonyesha mwanafunzi lililo sahihi, lakini haimwambii yeye mwenyewe alipokosea. Kusikia kosa la mtu huyu, saa hii, na kulisahihisha kwa kanuni za muziki ule ule unaofundishwa, ni kazi ya mwalimu aliye mbele yake. Tutaipima hoja hii kwa mifano ya Kampala, Katanga, Kinshasa na Zanzibar, kisha tutarudi Katanika kuona la kufanya.

2. Maneno mawili ya lugha yetu

Kiswahili kina maneno mawili yanayogusa jambo hili moja kwa moja. La kwanza ni kujifunza. Kitenzi -funza maana yake ni kumpa mtu mafunzo, na kiambishi -ji- hulirudisha tendo kwa mtendaji, kama katika -jiona au -jipenda. Kwa umbo lake, basi, kujifunza ni kujipa mafunzo wewe mwenyewe. Anayesema "ninajifunza gitaa" amekwisha kukubali kwamba sehemu ya kazi ni yake, hata awe na mwalimu hodari kiasi gani. Lugha haimdharau mtu anayehangaika peke yake na simu yake usiku.

Neno la pili ni mwanafunzi. Ndani yake mna mwana, na mwana hawi mwana bila mtu wa kumlea. Neno hili linamweka anayejifunza chini ya jicho la mtu mwingine. Karibu nalo lipo neno fundi, la mzizi ule ule. Mtu hawi fundi wa mbao au wa nguo kwa kutazama kiti kilichokwisha kutengenezwa au suti iliyokwisha kushonwa. Huwa fundi kwa kukaa kando ya fundi mwingine ambaye humnyang'anya randa au mkasi pale anapoharibu.

Tena ipo methali tunayoijua wote: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali haisemi kwamba ulimwengu haufundishi. Unafundisha, lakini husahihisha kwa kuchelewa na kwa hasara, kosa likiwa limekwisha kuwa tabia. Mpiga gitaa aliyekaa miaka mitatu na mkono uliokaa vibaya anaijua maana ya methali hiyo bila kuelezwa.

Maneno haya mawili hayapingani. Yanagawana kazi: sehemu moja ya kujifunza ni ya mtu mwenyewe, na sehemu nyingine haipatikani bila mtu wa pili. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba sehemu hiyo ya pili ni kitu halisi, wala si mazoea ya wazee tu.

3. Kampala: wimbo usiopigwa na mkono wowote

Muziki wa marimba wa Baganda unatufaa kwa sababu umechunguzwa na kuandikwa kwa makini tangu miaka ya 1950. Amadinda ni marimba yenye vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wake ni watatu. Wawili hukaa wakitazamana, mbao zikiwa katikati yao. Wa kwanza, omunazi, ndiye anayeanzisha. Wa pili, omwawuzi, yaani mgawanyaji, huingiza kila pigo lake katikati ya mapigo mawili ya mwenzake, bila kuruka nafasi. Wa tatu, omukoonezi, hupiga mbao mbili tu, zile zenye sauti nyembamba kuliko zote.

Mwaka 1959 Gerhard Kubik, kijana kutoka Austria, alifika Uganda na kuwa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyepata kupiga katika ikulu ya Kabaka na aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Aliyoyaona akiwa mwanafunzi aliyaandika katika jarida la African Music mwaka 1960 na 1962. Kwa ufupi ni haya: nyimbo anazozisikia msikilizaji wa amadinda sizo zinazopigwa na mikono ya wapigaji. Omunazi anapiga mfululizo mmoja ulio sawasawa kama hatua za mtu anayetembea. Omwawuzi anapiga mwingine wa namna hiyo hiyo. Mifululizo miwili ikifumana kwa kasi, sikio hukusanya sauti nzito pamoja na sauti nyembamba pamoja, na kusikia nyimbo kadhaa zenye midundo ya kurukaruka, ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga.

Tufikirie sasa mtu mwenye rekodi nzuri ya amadinda asiye na mwalimu. Atasikiliza, ataushika wimbo anaousikia, kisha atajaribu kuupiga. Hatafaulu, kwa sababu anatafuta kwa mikono kitu kilichomo katika sikio. Rekodi haikumdanganya, imemwonyesha matokeo bila kumwonyesha kazi. Hata video haitoshi, kwa maana mikono inayokwenda kasi namna hiyo huwezi kuihesabu, na ukiipunguza kasi, nyimbo zenyewe hutoweka, kwa kuwa sikio huzikusanya tu zikiwa katika kasi yake.

Tukimtazama omukoonezi tutaona zaidi. Kazi yake ni kuushika mfuatano wa sauti mbili nzito kuliko zote katika mfumano wa wenzake, kisha kuurudia kwa sauti nyembamba kwenye mbao zake mbili. Ni lazima ausikie wimbo ambao hakuna anayeupiga, halafu aupige. Anayeanza hawezi kujua mwenyewe kama ameushika au ameshika kitu kingine kinachofanana nao. Anahitaji mtu mwenye sikio lililokwisha kuzoea, amwambie kuwa hapa umeingia, na pale umepotea.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, ala za ikulu ziliharibiwa na wanamuziki wakatawanyika. Rekodi za muziki huo zilikuwapo, kwa mfano zile za Hugh Tracey za miaka ya 1950. Lakini zilizoufanya upigwe tena ni juhudi za watu kama Muyinda, ambao walikuwa wamewafundisha wengine nje ya kuta za ikulu, wakiketi nao kwenye mbao zile zile.

4. Katanga: santuri zilienea, na watu walisafiri

Mfano wa pili uko karibu nasi, na nyimbo zake ni za Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey huyo huyo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda, mzaliwa wa mwaka 1930, alikuwa bado kijana. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini msikilizaji asiyemwona anaweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Santuri zake, hasa wimbo wa Masanga, zilivuka mipaka, na David Rycroft aliuchambua upigaji wake kwa nota katika African Music mwaka 1961 na 1962.

Hapa mtetezi wa simu anaweza kusimama na kusema: mnaona, vijana wa Afrika Mashariki walijifunza mtindo wa Katanga kwa santuri, na santuri ndiyo iliyokuwa simu ya wakati ule. Neno hilo lina ukweli, wala halifai kupuuzwa. Santuri ilileta hamu, ilileta nyimbo na ilileta sauti ya kulenga. Hata hivyo, si santuri peke yake iliyosafiri. Édouard Masengo alihamia Nairobi, na Mwenda naye alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapiga gitaa wa Kenya waliweza kuwaona wenye mtindo wakiwa na gitaa mikononi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa John Low, mpiga gitaa Mwingereza. Nyimbo za Katanga za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa zinapatikana katika santuri. Angeweza kubaki kwake na kuzisikiliza. Badala yake, mwishoni mwa miaka ya 1970, alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akawatafuta wapigaji wenyewe, wakiwamo Mwenda, Masengo na Losta Abelo, ili ajifunze kwao. Shajara ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1982. Mtu mwenye santuri hafungi safari ndefu namna hiyo kama santuri zimekwisha kumpa yote anayoyataka.

Mwenda alifariki mwaka 1990. Leo kumsikia Masanga ni rahisi kuliko wakati wowote alipokuwa hai, kwa kuwa wimbo huo unapatikana katika intaneti. Kilichokwenda naye ni sikio lake. Hayupo tena wa kumwambia mpigaji kwamba kidole gumba kimechelewa, isipokuwa wale waliokaa karibu naye wakaambiwa hivyo wao wenyewe.

5. Je, mwalimu afundishe kwa simu ya video?

Pingamizi linalofuata ni la akili: kama tatizo ni kusikiwa, basi mwalimu awe Kampala, mwanafunzi awe Kalemie, na wasikilizane kwa simu ya video. Kwa mambo mengi njia hii inafaa. Mwalimu anaweza kuona mkono umekaa vibaya, kusikia maneno yaliyotamkwa vibaya, na kueleza historia ya wimbo. Ila kuna jambo moja lisilowezekana, nalo ni kupiga pamoja. Hesabu ndogo inaonyesha sababu.

Tuchukue amadinda inayokwenda kwa mapigo 600 kwa dakika, mapigo ya omunazi na ya omwawuzi yakihesabiwa pamoja. Hayo ni mapigo 10 kwa sekunde, yaani kati ya pigo la mmoja na pigo la mwenzake mna milisekunde 100. Wapigaji wakikaa umbali wa meta moja, sauti inayosafiri hewani kwa meta 340 hivi kwa sekunde humfikia mwenzake kwa milisekunde 3 tu. Haileti taabu yoyote. Lakini sauti ikipita katika simu, mnara, nyaya na mitambo hadi nchi nyingine, ni kawaida kuchelewa milisekunde 100 au zaidi. Maana yake ni kwamba pigo la omwawuzi, ambalo lilipaswa kuanguka katikati, litamfikia mwenzake likiwa juu ya pigo lake. Mfumano unavunjika, na mfumano ndio muziki wenyewe.

Jambo hili haliwahusu Baganda peke yao. Kila muziki wa kuitikiana una nafasi ambayo mwitikiaji anapaswa kuingia. Anayeongoza wimbo harusini au msibani hupandisha sauti, huvuta pumzi, hutikisa kichwa, na wenzake hupokea. Anayepokea anajifunza kuingia kwa kuchelewa kidogo, kuwahi kidogo, na kuonywa kwa jicho, mpaka mwili wenyewe uijue nafasi. Simu ikichelewesha sauti, inaharibu hasa kile kilichokusudiwa kufundishwa.

6. Programu zinazosikia, na kanuni za nani

Msomaji mwangalifu atasema kwamba siku hizi zipo programu za simu zinazosikia. Unaimba, na programu inakuonyesha kama sauti yako imepanda mno au imeshuka mno. Je, huko si kusikia kosa?

Ni kusikia, lakini ni vizuri kuuliza kanuni inayotumika ni ya nani. Programu nyingi za namna hiyo hupima kwa mgawanyo wa piano, ambapo oktavu hukatwa katika nafasi 12 zilizo sawa. Wataalamu hupima oktavu kwa senti 1200, hivyo kila nafasi ya piano ni senti 100. Marimba za Baganda hugawa oktavu katika nafasi tano zinazokaribiana kwa ukubwa, yaani kila moja ni kama senti 240. Hakuna nafasi ya senti 240 kwenye piano. Iliyo karibu ni ya senti 200, na nyingine ni ya senti 300. Fundi wa amadinda akiipigia programu hiyo mbao zilizochongwa vizuri, ataambiwa kwamba karibu zote zina kasoro.

Kwa mwanafunzi wa isimu jambo hili si geni. Ni kama kumsahihisha Mluba anayezungumza Kiluba kwa kutumia sarufi ya Kifaransa. Chombo kinasikia kosa mahali pasipo na kosa, na kinapita kimya mahali lilipo. Hatari yenyewe haiko katika programu. Iko kwa kijana asiye na mwalimu wa kumwambia kwamba programu hiyo ilitengenezwa kwa muziki mwingine. Kidogo kidogo atalirekebisha sikio lake lifanane na simu, na baadaye atawasikia wazee wake kama watu wanaoimba vibaya.

7. Rekodi ya onyesho na rekodi ya somo

Hapa ndipo elimu ya lugha inapoweza kusaidia elimu ya muziki. Tukikusanya matini elfu moja za Kiswahili cha Kalemie, tutajua mambo mengi yanayosemwa. Hatutajua kwa hakika yasiyosemeka. Sentensi isiyomo katika matini zetu huenda ni kosa, au huenda ni sahihi ila hakuna aliyepata nafasi ya kuisema. Ili kuujua mpaka, mtafiti hujaribu kuisema mbele ya mwenye lugha, kisha humtazama: atacheka, atakunja uso, au atairudia kwa namna iliyonyooka. Mtoto naye hujifunza lugha akiwa katikati ya watu wanaomjibu, si katikati ya redio.

Muziki uko hivyo hivyo. Rekodi ya onyesho ina lililo sahihi peke yake. Ukisikia mwimbaji amelivuta neno mwishoni, huwezi kujua kama kulivuta ni lazima, ni hiari, au pumzi ilimwishia. Mwalimu anajua. Ukiimba bila kuvuta naye akanyamaza, ni hiari. Akikusimamisha, ni lazima. Kwa njia hiyo, kila sahihisho ni kanuni ya muziki iliyotamkwa, hata kama mwalimu hajui kuandika wala hajawahi kuiita kanuni.

Kutokana na hayo tunapata jambo la vitendo. Watafiti na wanafunzi wengi huenda kwa fundi wa muziki wakamrekodi anapoimba vizuri, wakaondoka. Wangefanya vizuri zaidi kurekodi pia somo: mwanafunzi anapokosea, fundi anapomkatiza, anaporudia, anapocheka, anaposema "hapo sawa". Rekodi ya namna hiyo haipendezi kusikilizwa, lakini ndiyo inayobeba mpaka kati ya sahihi na kosa. Na haiwezi kupatikana kama hakuna mtu aliyekuja kufundishwa ana kwa ana. Teknolojia hapa haimfukuzi mwalimu, inamhitaji.

8. Gharama na uhaba

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ni zito kuliko yote kwa watu wa Kalemie: walimu ni wachache, ala ni chache, na pesa ni kidogo. Mifano miwili inatusaidia kulitazama bila kujidanganya.

Wa kwanza ni wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu na rubani kwa kazi, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Wengi wa waliojiunga hawakuwa na mafunzo ya ala walizopewa, na ala zenyewe hazikutosha, hata ikawa lazima watu kadhaa watumie fidla moja kwa zamu. Mwaka 2010 filamu ya Kinshasa Symphony iliwatambulisha kwa dunia. Mfano huu mara nyingi hutolewa kuthibitisha kwamba mtu anaweza kujifundisha. Tukiutazama vizuri unasema zaidi ya hapo. Anayesubiri zamu yake ya fidla anamtazama mwenzake akipiga, na anasikia kosa la mwenzake kabla ya kulifanya lake. Walipokosa walimu wa kutosha, walisikilizana wao kwa wao. Kundi zima lilifanya kazi ya sikio la mwalimu. Mtu aliyefungiwa chumbani na simu hana hata hilo.

Wa pili ni wa Zanzibar. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kwa Kiingereza hujulikana kama Dhow Countries Music Academy, kilianzishwa mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, na kimefundisha taarabu, kidumbaki na ngoma ana kwa ana, wazee wakiketi na vijana. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba kinaweza kufungwa kwa kukosa fedha, maana wafadhili walikuwa wamepungua na karo za wanafunzi hazikuweza kulipa gharama. Funzo lake ni la kweli na ni chungu: mwalimu aliye hai lazima ale. Anayesema kwamba kufundisha ana kwa ana ni bora bila kusema nani atalipa, amesema nusu ya jambo.

Kwa hiyo hatudai kila kijana awe na mwalimu kila siku. Tunachodai ni kwamba muda mchache wa mwalimu utumiwe kwa kazi ambayo simu haiiwezi. Kuonyesha kodi za mwanzo, kukumbusha maneno ya wimbo, kurudia sauti ya tena mara kumi: hayo simu iyafanye. Mwalimu asikilize na kusahihisha.

9. Katanika: la kufanya

Tuanze na korali, kwa kuwa ndiyo shule ya muziki iliyo wazi kwa watu wengi zaidi katika mtaa wetu. Wimbo ukifika kwa WhatsApp na kusikilizwa katika spika ndogo ya simu, sauti ya kwanza husikika wazi, kwa sababu ni nyembamba. Besi haisikiki vizuri, maana spika ndogo haitoi vizuri sauti nzito. Waimbaji wa besi hubuni, na kilichobuniwa huzoeleka. Dawa yake haina gharama kubwa: mwalimu wa korali aichukue sauti moja moja, aisikilize kwa makini au kwa vipokea sauti vya masikioni, aiandike kwa solfeji, kisha ajirekodi mwenyewe akiiimba na kuwatumia waimbaji wake. Wanapokuja mazoezini wimbo unajulikana, na saa zote za mazoezi zinabaki za kusikilizana.

Jambo la pili ni zito zaidi. Miaka ya 2016 na 2017 watu wengi waliokimbia mapigano kati ya jamii za Batwa na Baluba walipata hifadhi Katanika. Mtu anayekimbia habebi ngoma. Anachobeba ni kile kilichomo kichwani na mikononi mwake. Kijiji kikitawanyika, waliozoea kuitikiana hawako pamoja tena, na mjuzi wa nyimbo anaweza kukaa miaka bila mtu wa kumpokea. Tusitarajie kwamba simu itayaokoa hayo siku moja. Simu itaokoa sauti. Kujua lipi ni kosa kutakwenda na mwenye kujua.

Hii ni kazi inayoweza kufanywa na wanafunzi wa lugha wa hapa hapa, bila kusubiri mradi kutoka nje. Mwanafunzi amwombe mjuzi mmoja ruhusa ya kufundishwa wimbo mmoja, kwa heshima na kwa malipo yaliyokubaliwa, hata yawe madogo. Asije kama mwandishi wa habari. Aje kama mwanafunzi, aimbe, akosee. Arekodi masomo kwa simu, kwa idhini. Kisha awe na daftari la masahihisho lenye safu tatu: nilivyoimba, alivyonisahihisha, na sababu aliyoitoa kwa maneno yake mwenyewe na kwa lugha yake. Safu ya tatu itakuwa hazina ya istilahi za muziki za Kiluba, Kitabwa, Kiholoholo na Kiswahili chetu, maana wajuzi wana maneno yao ya kutaja sauti iliyopotea, pigo lililowahi na pumzi iliyokatika. Maneno hayo hayasemwi katika onyesho. Husemwa pale tu mtu anapokosea mbele ya anayejua.

10. Hitimisho

Simu imeleta mema ambayo wazee wetu hawakuyapata: nyimbo za mbali, marudio yasiyochosha mtu, na kumbukumbu isiyosahau. Anayeikataa anajinyima. Lakini tumeona Kampala kwamba wimbo unaosikika huenda haupigwi na mkono wowote, na Katanga kwamba mwenye santuri alisafiri kumtafuta mwenye kidole. Tumeona Kinshasa kwamba wasio na walimu wa kutosha walihitaji kusikilizana, na Zanzibar kwamba sikio la mwalimu lina gharama ambayo mtu lazima ailipe. Katika yote hayo anayejifunza anahitaji mtu anayemsikia. Maadamu watu hao wapo Katanika, inafaa tuwaendee wakati bado wanaweza kutukatiza.

Maswali ya mjadala

1. Chagua wimbo mmoja wa kuitikiana unaoujua. Eleza namna ulivyojua mahali pa kupokea. Ni nani aliyekusahihisha, na kwa ishara gani?

2. Linganisha rekodi ya onyesho na rekodi ya somo la wimbo huo huo. Ni kanuni zipi zinaonekana katika ya pili na hazionekani katika ya kwanza?

3. Katika lugha ya nyumbani kwenu, ni maneno gani hutumiwa kumwambia mtu kwamba ameimba au amepiga vibaya? Yaandike pamoja na mifano ya matumizi yake.

4. Ikiwa korali yenu ina pesa za kumlipa mwalimu kwa saa mbili tu kila wiki, kazi zipi mngeiachia simu, na zipi mngemwachia mwalimu? Toa sababu.